Siku Mama Ngoan Alipoacha Kumsema Mzee Khoat

Mama Ngoan hakaribishi mtu. Anayetaka kukaribishwa aende kwenye hoteli zenye mazulia. Kwake unafika, unajibanza kwenye kigoda cha plastiki kifupi mpaka magoti yanakutana na kidevu, unasema unachotaka mara moja, halafu unanyamaza. Ukirudia, atakuuliza kama unadhani ana masikio ya mbao. Ukichelewa kuamua, atakuambia wenzio wameshakula, wameoa na wamezaa. Na bado kila asubuhi nusu ya Hanoi imebanana pale kichochoroni kwetu, wenye suti na wenye ndala, kwa sababu ukishaonja ule mchuzi wake wa kaa wa mashambani na nyanya, ukimwagiwa juu ya tambi za mchele, unasamehe maneno yote uliyoambiwa. Halafu bei yake haimtishi hata mwanafunzi.

Jina Ngoan kwetu hupewa mtoto mpole na msikivu. Wazazi wake walibahatisha, maskini.

Katika wote waliosemwa pale, hakuna aliyesemwa kwa uaminifu kama Mzee Khoat. Huyu alikuwa fundi wa breki katika karakana ya reli mpaka alipostaafu, mtu mwembamba, mwenye kofia ya sufu ambayo haivui hata wakati wa joto. Kosa lake lilikuwa lile lile kila asubuhi. Akishafika katikati ya bakuli, ananyoosha shingo na kusema, "Mama Ngoan, mchuzi kidogo."

"Mchuzi tena? Unakunywa au unaogea? Mzee wewe, kesho njoo na beseni!"

"Nitakuja na ndoo."

"Njoo na jeneza kabisa, ukizama huku nisipate kazi ya kukutafutia!"

Watu wanacheka, mchuzi unaongezwa, mzee anakula huku uso umemnawiri. Wageni walidhani hana haya. Sisi wa kichochoroni tulijua zaidi. Mkewe, Bibi Thoa, Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo usio na breki, na fundi wa breki mwenyewe alishindwa kuutengeneza ndoa yao yote. Khoat, umevaa soksi mbovu. Khoat, unakula kama nguruwe. Khoat, utakufa na huo upepo, funga dirisha. Alipofariki, nyumba ikanyamaza. Mwanawe Tuong na mkewe ni watoto wazuri, hakuna wa kuwalaumu. Ni ndiyo baba, hapana baba, kaa baba, pumzika baba. Heshima tupu. Lakini heshima tupu haimtoshi mtu, nawaambieni, mtu anaweza kukaa katikati ya heshima akafa kwa upweke. Kwa hiyo Mzee Khoat alikuwa akienda kwa Mama Ngoan kula tambi, na zaidi ya tambi, kusemwa.

Basi baridi ikaingia, na ile rasharasha yetu isiyonyesha wala isiyokata, na Mzee Khoat akaanza kukohoa. Kikohozi kikakaa. Tuong akampeleka hospitali, wakampiga picha ya kifua, na majibu akayafuata Tuong mwenyewe baada ya kazi. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakwepa macho ya baba yake.

"Ni kovu tu la zamani, baba. Kula unachotaka."

Hapo ndipo mzee alipoanza kushuku. Maana kwetu mgonjwa ndiye wa mwisho kuambiwa ugonjwa wake. Daktari humwambia mtoto, mtoto humwambia mjomba, mjomba humwambia mtaa, na mwenyewe hupewa uji wa samaki na kuambiwa ni vidonda vya tumbo. Mzee Khoat alijua vizuri, kwa kuwa alimfanyia hivyo hivyo Bibi Thoa. Alimwambia ni vidonda vya tumbo. Kichochoro kizima kikaingia kwenye njama hiyo kwa moyo mmoja. Na karibu na mwisho, Bibi Thoa alimwita kitandani akamwambia, "Usijisumbue kudanganya, Khoat. Nilijua siku ile jirani yangu aliponiachia bomba nikinge maji kwanza. Mwanamke yule alinitukana tangu tulipohamia hapa. Akiniacha nipite, basi mimi ni wa kaburini."

Maneno hayo hayakumtoka mzee. Ila usiku ule alijipa moyo. Kovu ni kovu, akasema. Kesho nitakwenda kula.

Kesho yake mgahawa ulikuwa umejaa hadi barabarani. Mama Ngoan alikuwa nyuma ya sufuria lake kubwa, mikono ya sweta ameikunja, mdomo umeshika moto tangu alfajiri.

"We wa koti la njano! Umekuja kula au kupiga picha bakuli? Likipoa usinililie! Na wewe mwenye mkoba, ubosi uache ofisini, hapa sogea, kuna mwenzio amesimama kama mlingoti!"

Mzee Khoat akasikia raha. Akaingia, akakohoa, akajiweka tayari. Jibu lake la ndoo alikuwa nalo mdomoni.

Mama Ngoan akamwona. Mdomo wake ukafunguka, ukafungwa, ukafunguka tena.

"Karibu, mzee wangu," akasema.

Mzee Khoat akageuka kutazama nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Kaa hapa pakavu. Ngoja nikupanguzie." Na akatoka nyuma ya sufuria, Mama Ngoan, akakipangusa kigoda kwa kitambaa chake mwenyewe. Yule wa koti la njano aliacha tambi zikining'inia mdomoni. Bakuli likaja limejaa pomoni, kaa tele, vipande vya tofu vya kukaanga mpaka vinaanguka, sahani ya majani mabichi, ndimu, na kile kibakuli cha uduvi uliochachushwa ambacho mzee anakipenda kuliko nafsi yake. "Na mchuzi nikuongezee, mzee? Usione haya."

"Mama Ngoan," akasema mzee, "nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu. Kula kabla hakijapoa." Akageuka haraka, ameuma mdomo, shingo imemwiva. Mzee akaona wazi kwamba mama yule anazuia machozi.

Akajaribu kula. Hakikupita. Akaacha bakuli nusu, jambo ambalo pale ni kosa la jinai, kuna kijana aliwahi kufukuzwa hadi njia panda akiwa na bakuli lake kwa kosa hilo. Mzee akasimama akasubiri. Akasubiri hata neno moja. Mama Ngoan akalitazama lile bakuli, akamtazama mzee, akameza mate.

"Nenda taratibu, mzee wangu. Njia inateleza."

Ikawa basi. Mzee Khoat akatoka pale akiwa maiti inayotembea.

Miguu ilimpeleka kwa rafiki yake Chuc, kinyozi aliyetundika kioo chake ukutani mwa shule na kunyoa watu hapo hapo barabarani. Chuc alikuwa anakunywa chai.

"Bwana wee, umeona jini?"

"Chuc, Tuong umemwona karibuni?"

"Jana jioni nilimwona. Alikuwa kwa Mama Ngoan, wameshafunga, kashika mfuko wa machungwa, kainama kama anakwenda kuposa. Wanaongea chinichini. Mama Ngoan anatikisa kichwa hivi, anasikitika. Nikajiuliza, hawa nao wana nini..." Chuc akakatiza. Akatazama uso wa rafiki yake, na yeye naye akakumbuka kile kikohozi na ile picha ya kifua. Akaweka chini kikombe. "Hebu kaa nikunyoe. Leo usitoe kitu."

Chuc! Chuc ambaye angemdai hata mama yake mzazi!

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwa yameshamfunika mzee kichwani. Nyumbani mkwewe alikuwa amepika uji wa kambare mamba... la, nisimsingizie, ulikuwa uji wa samaki wa bwawani, ule ule aliopikiwa Bibi Thoa, na mzee aliposikia harufu yake akashika ukuta. Tuong alikuwa kazini. Angeweza kumsubiri amuulize. Hakutaka. Kumuuliza ni kumlazimisha mtoto amdanganye baba yake uso kwa uso, na mzee alijua uongo ule ulivyo mzito, aliubeba yeye mwenyewe mwaka mzima.

Akawasha udi mbele ya picha ya mkewe, kwenye meza ya ubani zinapokaa picha za marehemu. "Thoa," akamwambia, "wameniachia bomba." Akalia kidogo. Halafu akatazama ile nafasi tupu kando ya picha, na akili ya fundi ikarudi. Kitu kikiharibika unakitengeneza, kikishindikana unakifunga vizuri. Picha ya kwake haikuwepo. Watoto wangekuja kukata ile ya kitambulisho, waikuze hadi pua iwe kubwa kama ngumi. Akavaa koti lake la sherehe, akaenda studio.

"Ya pasipoti, mzee, au ya kitambulisho?" akauliza mpiga picha bila kuinua macho.

"Ya meza ya ubani."

Mpiga picha akasimama palepale, akamvutia kiti kwa mikono miwili. "Kaa vizuri, mzee wangu." Hata huyu! Akamvua kofia, akamfunga tai ya studio, akamchana nywele zile chache. "Tabasamu kidogo."

Mzee akatabasamu. Alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino mbele ya wakwe.

Usiku ule hakulala, na kulipokucha hasira ilikuwa imechukua nafasi ya woga. Kufa atakufa, sawa, kila mtu ana siku yake. Lakini afe kama kondoo, anazungukwa na watu wanaoijua siri yake wote mpaka kinyozi, na yeye anajifanya hajui? Akatia picha, na fremu yake, kwenye mfuko wa plastiki, akaenda kwa Mama Ngoan. Mtoto wa kumzaa hatamlazimisha aseme uongo. Muuza tambi atamlazimisha aseme kweli.

"Karibu, mzee wa..." alianza Mama Ngoan, akimtengea mezani bakuli na kile kibakuli cha uduvi.

"Nyamaza!" akafoka Mzee Khoat.

Mgahawa mzima ukainua vichwa kutoka kwenye mabakuli. Hakuna mtu, tangu mgahawa ule ufunguliwe, aliyewahi kumwambia Mama Ngoan anyamaze.

"Niambie, Mama Ngoan. Niambie mbele ya watu wote hawa. Tuong alikuja hapa, usinikatalie, ameonekana. Nimebakiwa na muda gani?"

"Muda wa nini?"

"Wa kuishi!"

Mama Ngoan akabaki na upawa hewani, mchuzi unamdondokea mguuni. "Mzee, sikuelewi."

"Unanipangusia kigoda! Unaniita mzee wangu! Unaniambia njia inateleza! Mimi nimemzika mke, Mama Ngoan, mimi siyo mtoto. Mapafu yangu yameoza, mwanangu amekuja kukuambia, na mimi nimeshapiga picha yangu, hii hapa!" Akaichomoa mfukoni akaisimamisha juu ya meza, kati ya chupa ya siki na kopo la vijiti.

Mama Ngoan akaitazama ile picha. Akaitazama kwa muda. Kitu kikaanza kumpanda kutoka tumboni, kikafika kifuani, mashavu yakamvimba. Alijizuia, hilo nakubali, alijizuia kadiri binadamu anavyoweza.

"Yesu na Buda na wote walioko juu!" ikamtoka. "Picha gani hii? Umetoa macho kama chura aliyekanyagwa na baiskeli! Tai hii ya nani? Uliiba kwa marehemu? Ukiiweka hii mezani wajukuu watakimbia, ubani utazimika wenyewe, hata mkeo huko aliko atahama!"

Mzee Khoat akafumbua mdomo. Kitu fulani kifuani mwake, kilichokuwa kimebana tangu juzi, kikaachia.

"Huoni aibu?" aliendelea Mama Ngoan, sasa hazuiliki. "Eti muda gani! Mimi ni daktari? Mimi natwanga kaa! Huyo mwanao alikuja hapa na machungwa yake, amejikunja kama uduvi, ananiambia kuna mtu ofisini kwao ana video kwenye simu, mimi nikikusema unapoomba mchuzi, ofisi nzima wanacheka, na wao hawajui kama ni babake. Akaniomba. Shangazi tafadhali, ni mzee, nami ni mtoto wake pekee, uso wangu nitauweka wapi. Uwe unamsemesha vizuri, na usimwambie nilikuja. Nikamwonea huruma. Nikasema haya. Ujinga wangu! Unajua nilivyoteseka jana? Uliacha bakuli nusu! Nusu! Mbele ya macho yangu! Ulimi uliniwasha siku nzima, nikampigia kelele paka!"

"Hakukuambia... habari ya mapafu?"

"Mapafu yako nayafanyia nini, supu?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Woga ukishaingia hautoki mara moja, unatoka kama mgeni, unasimama mlangoni. "Labda hakukuambia wewe," akasema polepole. "Lakini kule nyumbani alinikwepa macho. Aliniambia nile ninachotaka. Mtu haambiwi hivyo bure."

Hapo hata Mama Ngoan akashusha upawa, maana hilo ni kweli, haambiwi bure. Akajifuta mikono. "Simu yako iko wapi? Mpigie. Weka spika."

Tuong akapokea akiwa kwenye pikipiki, honi zinalia kila upande. "Baba? Kuna nini?"

"We mtoto!" Mama Ngoan akaipokonya simu. "Babako yuko hapa na picha yake ya ubani! Anasema anakufa! Kifua chake kina nini? Sema kweli, sema sasa hivi, ukinidanganya nitakuja hapo ofisini kwenu na upawa!"

"Anakufa? Nani kasema anakufa?" Ikasikika pikipiki ikisimama na mtu akitukanwa nyuma yake. "Baba! Ni kovu, baba! La nimonia ya utotoni! Daktari mwenyewe alicheka, akasema mapafu yako ni mazima kuliko yake. Kikohozi ni cha baridi tu."

"Basi kwa nini ulinikwepa macho?"

Halafu sauti ya mtu mzima ikawa ya mtoto aliyevunja sahani. "Ni presha, baba. Imepanda kidogo. Daktari amesema uache uduvi. Uache kabisa. Nilikuja nimejiandaa kukuambia, nikakuona umekaa pale... tangu mama afe huna kingine unachokipenda. Ikanishinda. Nikasema kula unachotaka."

Mkono wa Mama Ngoan ulishapita mbele ya pua ya mzee kama mwewe, na kile kibakuli cha uduvi kikawa kimeondoka mezani.

"Uduvi mwisho leo!"

"Mama Ngoan, kidogo tu, cha kuagia..."

"Hata kunusa! Ukinusa nakutoza! Na mchuzi nusu upawa, una chumvi! Presha imepanda na yeye kazi kuomba mchuzi, mchuzi, kama bata!"

Ndipo Mzee Khoat alipoamini. Siyo simu iliyomwaminisha, simu husema chochote. Ni kile kibakuli. Anayekufa hanyimwi kitu. Bibi Thoa alipewa kila alichotaja, mpaka embe zisizo za msimu. Yeye amenyang'anywa uduvi mdomoni, hadharani, na mwanamke mwenye upawa. Machozi yakamtoka, makamasi yakamtoka, akawa analia na kucheka kwa pamoja, yule wa koti la njano akampa leso yake ya karatasi.

"Na usinililie kwenye bakuli!" akasema Mama Ngoan, ila aliusemea mvuke wa sufuria, hakugeuka. "Kula umalize. Halafu uniondolee hiyo picha, inanifukuzia wateja. Ukishanenepa utapiga nyingine, na tai yako mwenyewe."

Alikula mpaka yakaonekana maua ya chini ya bakuli. Chuc alipopata habari alimfuata nyumbani kudai pesa yake ya kunyoa, na mzee alimlipa kwa furaha ambayo Chuc hajawahi kuiona kwa mteja. Tuong alirudi jioni ameinamisha kichwa. Baba yake akamwambia kesho akawaonyeshe wenzake ile video tena na awaambie huyo mzee ni wake, na kama anaona haya, basi ahamie kwa hao wenzake.

Kisha akapanda juu, akawasha udi. Picha yake ya chura aliitia kwenye droo, uso chini, kule kwenye soksi mbovu. Akakaa mbele ya mkewe, akavua kofia.

"Thoa," akamwambia, "nimesemwa leo. Nimesemwa vizuri mno. Usiniwekee nafasi bado."